Aliyesoma Miaka 99

Aliyewahi kusomea uzamivu wa uchumi anajua utamu wa nyota tatu. Si za hoteli wala za jenerali. Ni zile zinazokaa pembeni ya namba kwenye jedwali la matokeo, kuashiria kwamba ni vigumu namba hiyo kuwa ya bahati nasibu tu. Ukizipata, hata wakubwa hukubishia kwa adabu.

Mimi nilizipata. Nilikuwa napima elimu inaongeza kipato kwa kiasi gani, kwa mlinganyo wa Jacob Mincer ambao kila mwanafunzi wa uchumi wa kazi lazima akutane nao: logi ya kipato upande mmoja, miaka ya shule, uzoefu, na uzoefu kipeo cha pili upande wa pili. Takwimu zangu za kaya zikasema kila mwaka wa shule unapunguza kipato. Nyota tatu!

Wala sikushtuka. Ushahidi wa kwanza nilikuwa mimi mwenyewe: kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyokopa. Msimamizi wangu naye akafurahi, akasema hii itaitikisa taaluma.

Siku ya semina ukumbi ulijaa. Nilipofika kwenye hitimisho, profesa mmoja mzee, niliyeamini kalala tangu slaidi ya pili, akafumbua jicho.

“Kijana, turudishe kwenye jedwali la kwanza. Hapo kwenye miaka ya shule, kiwango cha juu umeandika ngapi?”

“99, profesa.”

“Huyo mtu anasomea nini?”

Jasho likanitoka. “Itakuwa uzamivu, profesa.”

Ukumbi ulicheka mpaka projekta ikazimwa. Kumbe kwenye dodoso lile 99 ni alama ya “hajui”. Unamuuliza mkuu wa kaya shemeji yake kasoma miaka mingapi, ataijulia wapi? Mdadisi anajaza 99, anasonga mbele. Programu ya takwimu haina utani. Yenyewe ikaona kundi la watu waliokaa darasani karibu karne nzima na mfukoni hawana kitu. Nikamtazama msimamizi aniokoe. Alikuwa kainama chini ya meza, anatafuta kalamu. Kalamu ilikuwa sikioni mwake.

Nikajitetea kwa ushujaa. Nikasema hata Reinhart na Rogoff, wachumi wa Harvard, makala yao ya 2010 kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi iliruka nchi 5 kwenye fomula ya Excel, na mwaka 2013 ikatangazwa kuwa aliyeligundua kosa hilo ni mwanafunzi, Thomas Herndon.

“Ni kweli,” akasema mzee, “lakini wao walikuwa wameshahitimu.” Akafumba jicho.

Nikazifuta 99 zote, nikaendesha upya. Elimu ikapandisha kipato, kama Mincer alivyoonyesha kwenye kitabu chake cha 1974. Nyota tatu zikarudi vilevile. Nikampelekea msimamizi mbio. Akasoma, akavua miwani, akasema sasa matokeo yako sahihi kabisa, tatizo hayana jipya. Nitafute mada nyingine.