Kabla ya Kubashiri Oscar, Jua Kura Zake Zinavyohesabiwa

Kila ikifika Januari mashabiki wa filamu huanza kupanga mikeka ya Oscar, na kosa huwa ni lile lile. Wanatafuta filamu iliyoteuliwa mara nyingi kuliko zote, wanaiweka juu kabisa, basi. Mwaka 2017 ilikuwa La La Land, uteuzi 14. Mwaka 2022 ikawa The Power of the Dog, uteuzi 12. Ya kwanza iliondoka na tuzo 6, ya pili ikaambulia 1, na zote mbili zilikosa ile ya filamu bora. CODA, iliyotwaa ubingwa 2022, ilikuwa na uteuzi 3 tu, na haikuteuliwa kwenye uongozaji wala uhariri. Mikeka ikachanika, na watu wakalalamika kwamba Oscar haieleweki. Inaeleweka vizuri sana, ila lazima uanzie pale anapoanzia mtu yeyote anayefuatilia uchaguzi: kura zinahesabiwaje?

Uteuzi mwingi unakuonyesha kwamba filamu ina kazi nyingi za ufundi. Wahariri huteua wahariri wenzao, wapiga picha huteua wapiga picha, waigizaji huteua waigizaji. Filamu ya vita au ya muziki ina mavazi, sauti na mandhari ya kujengwa, kwa hiyo ina milango mingi ya kuingilia kuliko hadithi ya watu watatu jikoni. Duru ya mwisho ni habari nyingine. Hapo wanachama wote wa Akademia, chama cha watu wa filamu kinachotoa Oscar, ambao wamepita 10,000, wanapiga kura kwenye vipengele vyote, na karibu kila kipengele aliye na kura nyingi anachukua, hata kama hakufikisha nusu. Filamu bora peke yake ina utaratibu wake, na umetumika tangu sherehe ya Machi 2010.

Kwenye filamu bora mpiga kura anazipanga filamu zote 10, kuanzia anayoipenda zaidi hadi asiyoitaka. Tuchukue mfano mdogo wa kura 100 na filamu 4. Filamu ya vita inapata namba moja kwa watu 34, ya familia 28, ya vichekesho 22, ya lugha ya kigeni 16. Kwa kura za kawaida vita imeshashinda. Lakini hapa anayetafutwa ni mwenye zaidi ya nusu, na hayupo. Basi wa mwisho anatolewa: ile ya kigeni inatoka, na kura zake 16 zinahamia kwenye filamu ambazo wapiga kura hao waliziweka namba mbili. Tuseme 12 zinakwenda kwa familia, 2 kwa vita, 2 kwa vichekesho. Sasa familia ina 40, vita 36, vichekesho 24. Vichekesho inatoka, 15 zinakwenda kwa familia na 9 kwa vita. Hesabu inafungwa: familia 55, vita 45.

Angalia kilichotokea kwa filamu ya vita. Iliongoza tangu mwanzo, ina mashabiki wa damu, lakini nje ya hao 34 wengi waliiweka chini. Kwa hiyo kabla hujaandika jina juu ya mkeka, acha kuuliza nani anaipenda filamu hii, uliza nani haitaki kabisa. Filamu inayogawa watu huteuliwa sana, hupigiwa kelele sana, kisha hukwama kabla ya kufika nusu. Ile ambayo kila mtu anaiweka ya pili au ya tatu huwa inapanda tu kila mwenzake anapotolewa.

Hapo ndipo mwongozaji bora na filamu bora hutengana, kwa sababu tuzo ya uongozaji huhesabiwa kwa kura za kawaida. Mfano safi ni 2014. Gravity ilibeba tuzo 7, Alfonso Cuarón akiwa mwongozaji bora. 12 Years a Slave ilipata 3, na mojawapo ikawa filamu bora. Kati ya sherehe 10 za 2013 hadi 2022, tuzo hizo mbili zilikwenda kwa filamu tofauti mara 6. Kuanzia 2023 hadi 2025 zimekwenda pamoja mara zote 3, na wapo wanaosema mambo ya kutengana yamekwisha. Sikubaliani nao. Utaratibu wa kuhesabu ni ule ule, na siku itakapokuja filamu ya kifundi inayogawa watu, zitatengana tena.

Je, tuzo zipi za awali zinafaa kufuatwa? Ya kwanza kwangu ni ya chama cha watayarishaji, PGA, kwa sababu moja tu: nao hupanga na kuhamisha kura kama Akademia. Katika sherehe 16 za 2010 hadi 2025, mshindi wa PGA alikosa Oscar ya filamu bora mara 3 tu: 2016, 2017 na 2020. (Mwaka 2014 PGA ilitoa sare, 12 Years a Slave na Gravity.) Angalia pia tarehe. Mwaka 2022 CODA ilishinda PGA wakati upigaji kura wa Oscar haujafungwa, na waliokuwa hawajapiga waliona upepo unaelekea wapi. Golden Globe naiweka mbali. Wapiga kura wake ni waandishi wa habari, na kura ya mwandishi haiingii kwenye sanduku la Oscar.

Kwa waigizaji, fuata waigizaji wenzao. Mwaka 2014 Golden Globe ya mwigizaji msaidizi wa kike ilikwenda kwa Jennifer Lawrence, na BAFTA, tuzo ya Uingereza, nayo kwake. Aliyehesabu vikombe alimwona Lupita Nyong'o yuko nyuma. Lakini chama cha waigizaji wa Marekani, SAG-AFTRA, kilimpa Lupita, na ndani ya Akademia tawi kubwa kuliko yote ni la waigizaji. Usiku wa 2 Machi jina lililotoka kwenye bahasha ni lake.

Utabiri una mahali pake, na mahali hapo ni kwa mashabiki. Mwaka 2021 waandaaji wa sherehe waliuingiza jukwaani. Walihamisha mwigizaji bora wa kiume akawa wa mwisho, baada ya filamu bora, na kila mtu alielewa kwamba wanamsubiri hayati Chadwick Boseman, nyota wa Black Panther, atangazwe. Waandaaji hawajui matokeo. Wanaoyajua ni wahasibu wanaohesabu kura. Joaquin Phoenix akafungua bahasha, akasoma Anthony Hopkins, ambaye hakuwepo ukumbini. Sherehe ikaisha hapo, ghafla, bila neno kwa Boseman wala la mshindi. Mwaka uliofuata tuzo 8, zikiwemo za uhariri, sauti na filamu fupi, zilitolewa kabla ya matangazo ya moja kwa moja kuanza. Lilikuwa kosa kubwa pia, na 2023 zote zikarudishwa. Hizo filamu fupi ndiko kunakopatikana vitu kama Watu Wote, iliyoteuliwa 2018, ambayo wahusika wake wanaongea Kiswahili na Kisomali. Kwa bahati nzuri, kuanzia sherehe ya 2026 mwanachama haruhusiwi kupiga kura ya mwisho kwenye kipengele ambacho hajatazama filamu zake zote. Nimeifurahia sana sheria hiyo.

Usiku wenyewe sikiliza tuzo mbili za skripti. Katika sherehe 13 za 2013 hadi 2025, filamu bora ilibeba pia skripti mara 10. Kama chaguo lako liliteuliwa kwenye skripti na likakosa, jiandae kisaikolojia.

Kuhusu saa: miaka ya karibuni sherehe huanza saa kumi jioni Los Angeles. Ikiangukia kabla Wamarekani hawajasogeza saa zao mbele, Jumapili ya pili ya Machi, kwetu Afrika Mashariki huwa ni saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, kama 2025. Ikiwa siku hiyo au baadaye, ni saa nane, kama 2024. Huchukua zaidi ya saa tatu, na filamu bora hutangazwa mwisho kabisa. Kama una kazi asubuhi, lala mapema, weka kengele kwa saa tatu baada ya kuanza, na utaiwahi bahasha ya mwisho.