Sufuria la Chongqing na kiwanja cha Chanika

Ukiuza spea za pikipiki Kariakoo, jina la Chongqing unalizoea kabla hujajua liko upande gani wa ramani. Linakuja limeandikwa kwenye maboksi. Kabureta, klachi pleti, cheni na sproketi zake, taa, vioo, vyote Chongqing. Wenzangu wengi wakifika China huishia Guangzhou, wanapatana na mawakala, wanajaza kontena, wanarudi. Mimi nikasema safari hii, maonyesho ya biashara ya Oktoba pale Guangzhou yakiisha, napanda treni mpaka kiwandani kwenyewe nimruke dalali.

Mji wenyewe kwanza unachanganya. Umejengwa juu ya milima, mahali mto Jialing unapoingia kwenye Yangtze, na unaweza kuingia jengo kwa mlango wa barabarani, ukapanda lifti ghorofa kumi na ushee, ukatoka ukakuta barabara nyingine na magari yanapita. Kuna kituo kinaitwa Liziba ambapo treni inaingia ndani ya jengo la makazi na kutokea upande wa pili, na watu wanaishi zao ghorofa za juu. Nilipiga picha pale mpaka simu ikalalamika imejaa.

Mkalimani wangu alikuwa kijana wa Lubumbashi anayesoma uhandisi kulekule. Kiswahili chake cha Katanga na changu cha Dar vilikuwa vinagongana hapa na pale lakini biashara ilikwenda. Aliniita Mukubwa. Mwenye kiwanda alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kusikika juu ya mashine zote, tukimwita Madam. Tulizunguka kiwanda, tukabishana bei ya klachi pleti mpaka jua likazama, na pale ilipobaki tofauti ndogo tu Madam akafunga daftari. Bei tutamalizia mezani, akasema. Twendeni tukale.

Chakula cha Chongqing ni sufuria. Wanaliweka katikati ya meza juu ya moto, limejaa mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, na juu yake zinaelea pilipili kavu nyekundu nyingi kiasi kwamba supu huioni. Ndani limegawanywa kwa vyuma kuwa vyumba tisa. Cha katikati kinachemka kwa fujo, ndiko kwa vitu vya kuiva haraka. Vya pembeni moto wake ni wa pole. Kijana alinieleza kwamba zamani hiki kilikuwa chakula cha wapiga makasia na wabeba mizigo wa pale mtoni. Matajiri wanachukua nyama, wao wanaachiwa matumbo, wanayazamisha kwenye viungo vikali harufu ipotee. Siku hizi matajiri wenyewe wanapanga foleni.

Mhudumu akaja kuuliza ukali. Madam akamwambia, kwa heshima ya mgeni, alete sufuria la pande mbili: nusu nyekundu, nusu supu nyeupe isiyo na kitu. Kijana akanitafsiria. Nikamwangalia.

"Mwambie Madam mimi natoka nchi ya pilipili. Pilipili kichaa nyumbani tunatafuna mbichi na ugali."

"Mukubwa, huku pilipili iko yingine."

"Wewe mwambie."

Akamwambia. Madam akacheka, akapiga meza kwa kiganja, akaifuta ile nusu nyeupe kwenye oda.

Vikaanza kuja visahani. Matumbo ya bata, membamba, marefu. Mishipa mikubwa ya moyo imekatwa mirabamiraba. Damu ya bata iliyogandishwa ikakatwa vipande vya mraba. Nadhani Madam alikuwa anangoja nikunje uso, na hapo ndipo aliponikosa. Mimi ni Mchaga wa Kibosho. Kisusio nimeanza kunywa kabla sijajua kusoma, na kisusio ni damu hiyohiyo, tofauti ni kwamba aliyechinjwa ni mbuzi. Nikakamata kipande cha damu, nikakitumbukiza, nikakila, nikaomba kingine. Madam akamtazama kijana kama anayeuliza huyu mtu mmemtoa wapi.

Akanifundisha mwenyewe kupika ile sehemu ya tumbo la ng'ombe yenye kurasa kurasa. Unaikamata kwa vijiti, huiachii, unaizamisha na kuiinua kwenye chumba cha katikati, juu mara saba, chini mara nane, kama robo dakika tu. Kingo zake zinajikunja, weusi unang'aa mafuta, ukiuma inakatika kwa mlio. Ukizidisha, unatafuna mpira. Nasema kwa haki: ni tamu. Pilipili ilikuwepo, jasho lilikuwepo, lakini nilikuwa naimudu, na bei ya klachi pleti ilianza kushuka.

Sasa mle kwenye mafuta, kati ya pilipili, kulikuwa na vipunje vidogo vya rangi ya kahawia nyekundu, vimepasuka midomo, vingine vimeng'ang'ania vijiti vyake kwa vishada. Nilijua ni pilipili manga. Mchina mwenye akili zake anavikwepa, anaviacha vibaki sufuriani. Mimi niliopoa kipande cha utumbo wa bata kimebeba kishada kizima. Nikatafuna chote, taratibu, nikimwangalia Madam machoni ili ajue anamuuzia nani.

Kwanza nikasikia harufu ya ganda la ndimu. Nzuri. Halafu ncha ya ulimi ikaanza kutetemeka. Halafu midomo. Mtetemo ukasambaa mpaka kwenye ufizi, ukatulia huko, na nyuma yake ulimi ukaanza kuondoka. Nasema kuondoka kwa maana kamili. Niliutafuta kwa meno nikaukosa.

Nikaomba maji ya baridi. Wakaniletea maji ya moto, maana ndiyo maji ya mezani China. Nikanywa, mtetemo ukaongezeka. Mbele yangu kulikuwa na vikopo vidogo vya bati vya kufungua kwa kidole, na nilikuwa nimevitamani tangu mwanzo nikidhani ni soda ya watoto. Nikafungua kimoja, nikakimimina chote kooni.

"Mukubwa! Ile mafuta! Mafuta ya ufuta!"

Ni kweli. Unayamimina kwenye bakuli, unatia kitunguu saumu kilichopondwa, unachovya nyama ili kupunguza ukali. Hakuna anayeyanywa. Madam aliacha vijiti hewani. Nikataka kusema "samahani", nikasikia kitu kingine kinatoka, na kidevu kikawa na unyevu. Nikakifuta. Kikalowa tena. Mate yalikuwa yanashuka yenyewe juu ya shati la maonyesho, na mimi sikuwa nasikia yanapopita.

Marehemu baba yangu aliondoka kwa kiharusi. Kilimwanzia hivihivi, mezani, mdomoni. Nikainuka, nikaelekea chooni nikishika ukuta.

Kila mtu mwenye kundi la ukoo kwenye simu ameshatumiwa ule ujumbe wa dalili za kiharusi: tabasamu, inua mikono yote miwili, sema sentensi kamili. Nikasimama mbele ya kioo. Nikatabasamu, lakini kwa kuwa midomo siihisi sikuamini ninachokiona, nikaongeza. Nikainua mikono yote juu. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mmoja wa Kichina, akaniona, jitu jeusi limeinua mikono, meno yote nje, mate yanatiririka. Naye akainua yake. Tulikaa hivyo kidogo, halafu akarudi kinyumenyume, mlango ukajifunga.

Ikabaki sentensi. Nikajaribu "Kabureta ya mia moja hamsini imekwisha," ambayo dukani naisema kutwa. Sikuielewa mwenyewe.

Basi. Nikampigia mke wangu.

Kule ilikuwa saa mbili usiku, Dar saa tisa mchana, na yeye yuko dukani anaangalia biashara. WhatsApp haishiki China, kwa hiyo tunatumia WeChat, na mtandao wa chooni unakatika vipande vipande. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba ameweka spika, kwa sababu fremu yetu inatazamana na mafundi wanaopiga resi pikipiki siku nzima.

"Mama," nikasema kwa juhudi. "Nimepa... ki... harusi."

"Nini?"

"Harusi! Nimepata... harusi!"

Mafundi wakapunguza resi.

"Harusi ya nani?"

"Yangu! Imenikuta... mezani."

"Mezani na nani?"

Nikaona ananihoji kama daktari, nikajibu vizuri. "Na Madam. Madam wa kiwanda."

Kimya. Nikajua analia. Na mimi machozi yakanitoka, yakachanganyika na mafuta ya ufuta.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "unanipigia kuniaga."

"Ndiyo mama. Nakuaga. Watoto... uwalee. Unisamehe."

Mtu akishafika hapo hawezi kuondoka na siri kifuani. Nami nilikuwa na moja.

"Kuna kiwanja... Chanika. Nilinunua... usijue. Mkataba uko stoo. Boksi la helmeti... chini ya zile nyekundu."

Sikusikia hata pumzi. Halafu ikaja sauti ambayo nimeisikia mara moja tu, siku fundi friji alipotutapeli.

"Umemnunulia Mchina kiwanja Chanika?"

Mtandao ukakatika.

Nikaketi sakafuni kungoja. Kijana wa Lubumbashi akanikuta pale, akachuchumaa, akanipa tishu.

"Mukubwa, haiko sumu. Ulikula huajiao. Njo vile iko. Itapita."

Akanieleza yote, na kwa kuwa ni mwanafunzi wa uhandisi alieleza zaidi ya nilivyotaka. Vile vipunje si pilipili kabisa. Mti wake ni wa ukoo mmoja na ndimu na machungwa, ndiyo maana ya ile harufu. Mdomo hauungui, mishipa ya fahamu inadanganywa kwamba kuna kitu kinatetemeka. Mwaka 2013 watafiti wa University College London waliwapaka watu midomoni, wakawatetemesha vidole kwa mashine ili walinganishe, wakakuta mtetemo ni kama mara 50 kwa sekunde. Akaniuliza kama najua nini kingine kinakwenda mara 50 kwa sekunde. Nikatikisa kichwa. Umeme wa nyumbani, akasema, wa China na wa kwenu pia, akafurahi sana. Wakati anafurahi ulimi wangu ulikuwa unarudi, ncha kwanza. Nikajaribu "kabureta ya mia moja hamsini imekwisha". Ikatoka yote, safi.

Ndipo nikakumbuka nilichokisema.

Nikapiga. Haikupokelewa. Nikapiga tena, nikatuma ujumbe wa sauti, nikaeleza kwamba ni KI-HARUSI, ule ugonjwa, na kwamba hata huo ugonjwa sina, ni viungo tu. Nikausikiliza kabla haujaondoka, nikaona kwamba mtu anayetafuta uongo wa kujitetea hawezi kubuni mbaya kuliko huo. Nikautuma hivyohivyo.

Mezani Madam alikuwa ameshaambiwa na mhudumu, mhudumu ameshaambiwa na yule mzee. Alifuta machozi ya kicheko kwa kitambaa cha meza, akaniagizia maziwa ya soya ya chupa, baridi sasa, na akakubali bei yangu ya klachi pleti bila kubishana. Alisema hajawahi kufanya biashara na mtu aliyemaliza kikopo. Hapo nilipaswa kufurahi. Nilikuwa naangalia simu.

Wa kwanza kunitafuta alikuwa mama mkwe, kwa simu ya mke wangu. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri tu.

"Marahaba, baba. Hongera. Nasikia umeoa. Mmetoa mahari ng'ombe wangapi, au kule wanapokea pikipiki?"

"Mama, si harusi, ni kiharusi."

"Pole. Unaongea vizuri kwa mgonjwa wa kiharusi."

"Kimepona, mama."

"Kimepona," akarudia, na nikasikia chumba kizima nyuma yake kikipokea taarifa hiyo. Walikuwa wengi. Sauti ya kaka yake mke wangu niliitambua, na ya kijana wetu wa dukani, ambaye muda ule alitakiwa awe ameshafunga duka.

Asubuhi, nikiwa kiwandani nasaini oda, ikaingia picha. Sikuhitaji kuuliza ni wapi, ule mwembe naujua. Mkataba ulikuwa na jina la mtaa, namba ya mjumbe na muhuri wa serikali ya mtaa, kila kitu cha kumfikisha mtu kwa bodaboda moja tu. Mke wangu amesimama katikati ya kiwanja changu, mikono kiunoni, kavaa helmeti nyekundu ya dukani. Pembeni yake fundi kashika futi kamba. Mbele yao kibao kipya, rangi bado inachuruzika: KIWANJA HIKI HAKIUZWI. OGOPA MATAPELI. Chini yake namba ya simu, na si yangu.