Leseni iliyoifikisha Steam Deck hapa ilipo

Ikitajwa Steam Deck, sifa huenda kwa Valve, kampuni ya Marekani iliyoanza kuiuza kompyuta hiyo ya gemu ya mkononi Februari 2022. Programu huria zilizomo ndani, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) uko wazi kwa yeyote, huelezwa kama njia ya kubana matumizi tu: Linux, mfumo endeshi huria, haina ada, basi Valve imeokoa fedha za Windows. Maelezo hayo yanawapunja watu waliokuwa kazini miaka mingi kabla Valve haijafika.

Gemu nyingi za Steam, duka la mtandaoni la Valve, zimeandikwa kwa ajili ya Windows, na Deck inatoka kiwandani ikiwa na SteamOS, mfumo endeshi wa Valve uliojengwa juu ya Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya Linux. Anayeziba pengo hilo ni Proton, programu ya Valve ya mwaka 2018, na moyo wa Proton ni Wine, mradi huria ulioanza 1993. Kila gemu inapoiomba Windows kitu, Wine huipokea ile kauli na kuijibu kwa namna ya Linux. Microsoft haikuwapa watengenezaji wa Wine msimbo wa Windows, kwa hiyo ilibidi wachunguze tabia za Windows moja baada ya nyingine. Toleo la 1.0 lilitoka 2008. Miaka 15!

Lakini kinachonigusa zaidi ni leseni, yaani masharti ya kuutumia msimbo huo. Mwanzoni Wine ilimruhusu yeyote kuchukua msimbo, kuufungia ndani ya bidhaa yake na asirudishe kitu. TransGaming ya Kanada ikafanya hivyo: ikatengeneza WineX, baadaye Cedega, ikaongeza uwezo wa kuchezesha gemu na kuwauzia watu wa Linux kwa ada ya kila mwezi. Sheria haikuvunjwa. Waliojenga msingi ndio waliobaki wakitazama nyumba ikipangishwa. Machi 2002 Wine ikahamia leseni iitwayo LGPL: uza utakavyo, ila ukiigawa Wine uliyoiboresha, toa na msimbo wa maboresho hayo. TransGaming ikaendelea na msimbo wa zamani, na huduma ya Cedega ikafungwa 2011. CodeWeavers, ambayo nayo inaishi kwa kuuza CrossOver iliyotokana na Wine, ilikubali sharti hilo na kuendelea kurudisha kazi yake kwenye mradi. Valve ilipotaka mshirika wa kutengeneza Proton, ilikwenda kwa CodeWeavers. Kwa hiyo anayesema programu huria inafukuza biashara aniambie ni biashara gani iliyofukuzwa hapa.

Upande wa biashara una hoja nzito pia. Mwaka 2015 Valve ilijaribu Steam Machines, kompyuta za gemu zenye SteamOS, ikitegemea watengenezaji wa gemu wahamishie gemu zao Linux wenyewe. Waliofanya hivyo walikuwa wachache, na mashine hazikununuliwa. Isitoshe, kujitolea kuna mwisho wake. DXVK, inayotafsiri michoro ya gemu za Windows, ilianzishwa na mtu mmoja aliyetaka kucheza gemu ya NieR: Automata kwenye Linux, na ilipiga hatua kubwa baada ya Valve kuanza kumlipa. Fedha hizo zinatokana na kamisheni ya duka lililofungwa, linalouza gemu zilizofungwa.

Kisha kuna udanganyifu wa wachezaji. Oktoba 2024 kampuni ya gemu ya EA ilizuia gemu yake ya mtandaoni, Apex Legends, kwenye Linux yote, Deck ikiwemo, ikisema uwazi wa mfumo unawapa wadanganyifu maficho na ni vigumu kumtofautisha mwenye Deck mwaminifu. Kiufundi ni kweli: anayeweza kubadilisha kiini cha mfumo anaweza kuficha mengi, na mchezaji anayeonewa kila raundi ana haki ya kulalamika. Hata hivyo, Easy Anti-Cheat na BattlEye, programu za kuwanasa wadanganyifu, zote zinakubali kufanya kazi na Proton mwenye gemu akiruhusu, na wadanganyifu wamejaa Windows, ambako msimbo umefungwa tangu siku ya kwanza. Aliyelipia Apex vitu vya ndani ya gemu na kuicheza kwenye Deck kwa haki ndiye aliyefungiwa mlango.

Tazama pia yaliyotokea nje ya Valve. Kabla SteamOS haijaletwa rasmi kwenye Lenovo Legion Go S, kifaa kingine cha gemu cha mkononi, mwaka 2025, wenye vifaa vya kampuni nyingine walikuwa tayari na Bazzite, mfumo huria uliojengwa juu ya Fedora, toleo jingine la Linux, ukiwapa mazingira yaleyale ya Deck. Hawakusubiri ruhusa, kwa sababu Proton haihitaji ruhusa. Programu ya Steam yenyewe, inayoamua kama gemu uliyoinunua itafunguka, ingali imefungwa, na hapo ndipo ningependa Valve ibanwe.