Kani Dhaifu Imenivunjia Simu
Simu imenichoropoka mkononi, ikajibamiza sakafuni, kioo kikawa utando wa buibui. Nainama kuiokota, kiuno nacho kikaguna. Hapo ndipo nikakumbuka nilichosoma: katika kani nne za asili, yaani nguvu zinazovuta na kusukuma vitu, dhaifu kuliko zote ni uvutano. Dhaifu! Yaani nimepigwa na mnyonge wa darasa.

Ushahidi wanafizikia wanao, siwabishii. Chukua kijisumaku cha mlango wa friji, kisogeze juu ya pini. Pini inaruka! Dunia nzima, na milima yake na bahari zake, inaivuta chini, lakini kijisumaku cha ukubwa wa kidole gumba kinaishinda. Nimejaribu mara tatu. Sasa mbona nikipanda ngazi huo unyonge siuoni? Na ukiwauliza kwa nini ni dhaifu kiasi hicho, wanakuna vichwa.

Tena uvutano haupatani na wenzake. Einstein aliuandikia milinganyo mwaka 1915, na kwenye sayari na nyota inakubali. Fizikia ya kwanta, ile ya vitu vidogo mno, nayo inakubali kwenye atomi. Zikutanishe mbili hizo katikati ya shimo jeusi, kule ambako uvutano hauachii hata mwanga, hesabu zinapandwa na wazimu. Usuluhishi umeanza zamani, na kikao bado hakijafungwa.

Kinachonikera hasa ni upotevu. Mimi nikipoteza funguo, nyumba nzima inanisimanga. Wao, kila kitu tunachokijua, nyota, bahari, mimi na simu yangu mbovu, ni kama asilimia 5 tu ya ulimwengu. Asilimia 27 hivi ni maada ya giza, isiyoonekana ila kwa mvuto wake, na 68 nishati ya giza, jina la hicho kinachousukuma ulimwengu utanuke. “Giza” hapo ni neno la heshima la “hatujui”. Mwanaastronomia Fritz Zwicky aliona tangu 1933 kwamba galaksi za kundi la Coma zinakimbia kuliko uzito unaoonekana unavyoruhusu. Hadi leo hakuna aliyeinasa hata chembe moja ya hiyo maada. Nishati ya giza ndiyo usiseme: makadirio ya kwanta ya kiasi chake yanaweza kuzidi kipimo cha angani mara 1 yenye sifuri 120 nyuma yake. Mimi nikikosea sifuri moja naitwa mwizi! Wao waliogundua mwaka 1998 kwamba ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka, wakapewa Nobel mwaka 2011. Kwa nini unafanya hivyo? Tutajulishwa.

Nimeufunga mlango wa friji kwa hasira. Kijisumaku kimebanduka, kikaanguka, kikabingirika uvunguni.

Haya, nani anainama?