Biskuti za mwani na sukari ya damu: tatizo ni kipimo

Wauzaji wa biskuti zilizochanganywa mwani hudai kwamba hazipandishi sukari ya damu kama zile za unga mtupu. Dai hilo lina msingi. Mwani wa kahawia una polifenoli, kemikali za asili za mimea, ambazo zikijaribiwa maabara, huzuia vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa glukosi. Dawa ya kisukari iitwayo akabosi hufanya kazi kwa njia hiyohiyo. Una pia alijineti, aina ya nyuzinyuzi ambayo ikikutana na asidi ya tumbo huganda, chakula kikachelewa kushuka na glukosi ikaingia kwenye damu taratibu.

Ila mtu hali mwani mtupu. Mwani ukizidi kwenye unga, biskuti hubadilika rangi na harufu ya bahari hutawala, kwa hiyo waokaji huweka kidogo. Chukua biskuti za gramu 30 zenye mwani asilimia 3: mlaji anapata gramu 0.9, na alijineti ni sehemu tu ya hizo. Joto la oveni nalo hupunguza polifenoli. Spirulina, mwani mdogo wa kijani-buluu, ina habari yake: zaidi ya nusu ya uzito wake mkavu ni protini, lakini kwa kiasi hichohicho wanga inaoupunguza kwa kuchukua nafasi ya unga ni mdogo mno.

Kinachonisumbua zaidi ni namna matokeo ya majaribio ya biskuti hizi yanavyosomwa. Unga wa biskuti una maji machache, hivyo sehemu kubwa ya wanga wake haiivi kama ya mkate, na wanga wa namna hiyo husagwa polepole. Ongeza mafuta, ambayo nayo huchelewesha tumbo. Biskuti ya mwani ikilinganishwa na mkate mweupe, itaonekana bora hata kama mwani haukufanya lolote. Ulinganisho wa haki ni biskuti ileile bila mwani, wanga ukiwa sawa, na sukari ikipimwa mara kwa mara kwa saa 2.

Kuongeza mwani kwa wingi nako kuna gharama. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, na gramu moja ya baadhi ya mwani wa kahawia huwa na zaidi ya mikrogramu 1,000. Tezi ya shingo inaweza kuvurugika.

Mimi naona utafiti wa biskuti za mwani unastahili kuendelea. Lakini anayejidunga insulini kwa kuhesabu kabohaidreti azihesabu zote zilizoandikwa kwenye pakiti, asipunguze dozi kwa sababu ya mwani.