Darubini ya mjini nayo ni darubini

Saa mbili usiku, na jua ndiyo kwanza linazama. Mtu wa Muheza kama mimi, aliyezoea kwamba magharibi ikiadhiniwa giza linafuata, mwaka mzima karibu saa ile ile, huona Cape Town ya Januari inamtania. Tumekuja kuangalia nyota na nje bado kweupe.

Kitongoji chenyewe kinaitwa Observatory, wenyeji wanafupisha wanasema Obs, na jina limetokana na kituo cha falaki kilichoanzishwa hapo mwaka 1820. Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi kituo hupokea watu wa kawaida: kwanza mhadhara, halafu kutembezwa, kisha, mbingu ikiwa wazi, darubini. Nimekwenda mara tano. Mara mbili mawingu yalituonyesha mlango.

Shangazi yangu, nilipomweleza kwa simu, aliuliza, "Kwa hiyo utasomewa nyota yako?" Nikamwambia, hapana shangazi, hii ni falaki ya kupima, si ya kupigiwa. Hakuridhika, na simlaumu. Kwetu neno falaki limekaa na waganga muda mrefu kuliko lilivyokaa na wenye darubini.

Wapo rafiki zangu wanaobeza jioni hizi kwa sababu nyingine. Mji una taa, wanasema, na wanasayansi wenyewe walishauhama. Ni kweli. Kazi nzito iko Sutherland, nyikani Karoo, kilomita zipatazo 370 kutoka hapa. Huko ndiko iliko darubini kubwa ya SALT (Southern African Large Telescope), iliyozinduliwa mwaka 2005, kioo chake kimeungwa kwa vipande 91 vya pembe sita, upana wake kama mita 11. Hapa mjini zimebaki ofisi, karakana, maktaba na darubini kongwe kama ile ya McClean, ya mwishoni mwa karne ya 19, ambayo sakafu yake ya mbao hupanda na kushuka ili mtazamaji aifikie. Kwa maneno yao, anayekwenda Obs anakula makombo.

Basi makombo hayo ndiyo fungu letu. SALT haina hata tundu la mtu kuwekea jicho. Mwanga wake wote unaingia kwenye mitambo. Na sayari ya Mshtarii haijali taa za barabarani. Mwezi haujali, Zohali haijali. Vitu ambavyo mgeni wa mara ya kwanza anatamani kuviona ndivyo hasa mji hauwezi kuviharibu, na mji ndiko waliko watu, wanaofika kwa treni na kurudi nyumbani kulala.

Usiku huo wa Januari darubini moja iliwekwa nje, juu ya nyasi, ikisimamiwa na mzee mwenye koti zito. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mtoto wa kama miaka minane. Akapanda kingazi, akaliangalia lile wingu la gesi la Orioni, akashuka amenuna. "Mbona halina rangi?" Alitarajia yale mapambo ya waridi na zambarau ya kwenye kalenda. Mzee hakumdanganya. Alimweleza kwamba kamera huacha mlango wazi muda mrefu ikikusanya mwanga, jicho haliwezi. Tena gizani ile sehemu ya jicho inayotambua rangi huwa kama imelala. Mtoto akaomba kurudi kuangalia tena. Hapo ndipo nilipompenda yule mzee, kwani ni rahisi mno kumpoza mtoto kwa picha ya kwenye simu.

Zamu yangu ilipofika ilikuwa Mshtarii, na zile nukta nne, miezi yake, ambazo Galileo alizichora mwaka 1610. Nilikuwa nazijua tangu sekondari. Nisichokijua ni kwamba sayari haitulii: ilikuwa ikiteleza, inatoka nje ya duara la kioo, na kila baada ya watu wawili mzee aliisogeza darubini kuifuata. Ni dunia inayozunguka, bila shaka, lakini miguu yangu ilishika nyasi kama mtu aliyepanda ngalawa.

Afrika Mashariki, tukizungumzia darubini mazungumzo hupanda mlimani mara moja: kilele gani, wafadhili gani, mabilioni mangapi. Siyapingi. Makubwa tulishawahi kuyapokea: tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru. Linalotushinda ni dogo: darubini moja, paa la chuo, mtu mvumilivu, na Jumamosi inayojulikana ili watu wasiulizane. Tena sisi tulio karibu na ikweta tuna mbingu mbili. Kutoka Muheza unaweza kuuona Msalaba wa Kusini na Dubu Mkubwa mzima usiku mmoja, jambo ambalo huku Cape Town ni ndoto. (Miezi inayofaa kwa hilo mapema usiku ni ya masika. Mtanisamehe.)

Tulipokuwa tukiondoka nilimwonyesha mzee kile kifungu cha nyota upande wa kaskazini, si mbali na Mshtarii, nikamwuliza, "Tata, kile mnakiitaje?" Akasema isiLimela. Kwa Waxhosa, akaniambia, mwanamume huhesabu miaka yake ya utu uzima kwa isiLimela, tangu alipotoka jandoni. Nilicheka peke yangu hadi kituoni, maana kwetu kifungu hicho ni Kilimia. Kutoka Muheza mpaka kwa Waxhosa ni safari ya siku nyingi kwa basi, na jembe lile lile, kulima, limo ndani ya jina.

Nilimpigia shangazi usiku ule ule, kule kwao saa tano na nusu, kumwuliza ile methali ya babu inasemaje. Akaitoa bila kusita: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kisha akauliza kama huko nako Kilimia wanakiita Kilimia.

"Karibu sawa, shangazi," nikamwambia. "Karibu sawa."