Bodi Imekaa, Msomaji Asimame

Mimi sina ugomvi na vitabu. Ugomvi wangu ni na saa. Maktaba ya umma ya mji mdogo, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kunieleza nikaelewa, hufunguliwa watu wakiwa wamekwisha kwenda kazini na hufungwa kabla hawajatoka, kiasi kwamba anayeweza kuitumia kwa raha ni yule asiye na kazi, naye akifika mezani kuomba kadi anaambiwa alete barua ya mwajiri.

Nililalamika kwa mkutubi, binti mwenye adabu zake, akanijibu kwa upole, "Mzee, mimi sipangi saa. Saa zinapangwa na bodi." Nikauliza bodi iko wapi. Akasema hukaa kila robo mwaka, akidi ikitimia. Nilipomtazama usoni, niliona kwamba na yeye hana imani na akidi.

Robo iliyofuata akidi ilitimia, na kwa kuwa kikao kilikuwa wazi kwa wananchi nilikwenda nikaketi nyuma. Walifungua kikao, wakathibitisha muhtasari, wakaingia kwenye yatokanayo, na huko wakakwama kwenye rangi ya kibao cha nje, jambo lililoibua wasemaji wengi kuliko bajeti. Ilipofika taarifa ya fedha, mjumbe mmoja aliuliza, tena kwa uso mkavu, kwa nini zinaombwa fedha za vitabu vipya ilhali vilivyopo havijamalizwa kusomwa. Hakuna aliyecheka, nami nikaogopa kuwa wa kwanza. Suala la saa za kufungua liliwekwa kwenye mengineyo, mahali ambapo kila hoja hufika wajumbe wakiwa wameshika funguo mkononi.

Kwa hasira nilikwenda rafu ya 900, ambako mpango wa mkutubi wa Marekani, Melvil Dewey, wa mwaka 1876 wa kupanga vitabu kwa nambari umeiweka historia, nikagundua kwamba uchungu huu ni wa kurithi. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 1850 ya kuruhusu miji yenye watu wasiopungua 10,000 kutoza kodi kwa ajili ya maktaba. Fedha hiyo iliweza kugharimia jengo na watumishi, lakini si kununua vitabu! Ilibidi wangoje hadi mwaka 1855 ndipo sheria ikakubali kwamba maktaba inaweza kuhitaji vitabu. Yule mjumbe wetu angeng'ara sana katika bunge lile.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyegharimia maktaba zaidi ya 2,500 duniani, nadhani alizijua vizuri halmashauri. Mji ukimwomba jengo, kwa kawaida aliutaka utoe kiwanja na uahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kile alichotoa, ili maktaba iendeshwe. Alijua kwamba kukata utepe kila mtu anaweza, na kwamba kazi huanza mwaka unaofuata, wapiga picha wakiwa wameshaondoka.

Nikirudi kwenye rafu zetu, nilikuta mwongozo wa aina ya kompyuta ambayo hata fundi mzee angeitambua kwa shida. Nyuma yake karatasi ya tarehe ilikuwa imegeuka rangi ya udongo, na mhuri wa mwisho umefifia kabisa. Nilipouliza kwa nini hauondolewi, niliambiwa kwamba umo katika daftari la mali, na mali ya umma haiondolewi bila kibali cha bodi. Basi nikaelewa kwa nini hakuna nafasi ya vitabu vipya: rafu imejaa mali.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa India aliyetoa kanuni zake tano mwaka 1931, aliweka mbele kabisa kwamba vitabu ni vya kutumiwa, na katika kuifafanua kanuni hiyo alizungumzia mahali maktaba ilipo na saa zake za kufungua. Ilani ya maktaba za umma ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, ya mwaka 1994 nayo inataka saa za kutosha zinazowafaa watumiaji, na inasema huduma kimsingi iwe bure. Nayataja haya si kwa kujionyesha, bali kwa sababu niliyaandika yote katika barua kwa mwenyekiti, kwa mwandiko mzuri, nikiwataja pia wanafunzi wasio na pa kusomea jioni na wazee wanaokuja kusomewa fomu za serikali na yule binti, ambaye hakuna mstari wa bajeti unaomlipa kwa kazi hiyo.

Majibu yamekuja, yakiwa na mhuri na nambari ya kumbukumbu. Bodi imeipokea hoja kwa uzito unaostahili na imeunda kamati ndogo ya kuchunguza kama kweli wananchi wanahitaji maktaba nyakati za jioni. Kamati hiyo itakutana maktabani saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa wajumbe wake wengi mchana huwa kazini, na mlinzi ameagizwa ahakikishe kwamba muda huo hakuna msomaji anayeingia.